Salamu za Mwenye Nyumba

Bibi yangu alikuwa mke wa mtu kwa zaidi ya miaka hamsini, na mtu mwenyewe hakuwapo. Sifanyi mzaha. Pale Kuze, mtaa wetu wa Mji wa Kale, kila jirani alijua kwamba yule bibi ana mume, kwamba mume wake ni baharia wa manowari aliyeondoka wakati wa vita vya Mjerumani na Mjapani, na kwamba hajarudi. Hajarudi, si amekufa. Ukipitiwa ukasema "marehemu" mbele yake, ulikuwa umejitafutia. Angekutazama kuanzia utosini hadi viatuni, kisha akuulize ni nani aliyekuonyesha kaburi.

Babu huyo mimi sikumjua, ila nimemsikia tangu nikiwa mdogo. Kabla ya vita alikuwa mtia makaa kwenye vile vyombo vya kuvutia meli kubwa pale Kilindini. Kazi yake ilikuwa kulisha tanuri kutwa nzima, na akirudi nyumbani, Bibi akisema, meupe yalikuwa ni macho na meno tu. Vita vilipoingia, Mwingereza akawa anatafuta watu waliozoea tanuri. Babu akatoka asubuhi na wenzake kama anayekwenda sokoni, na alasiri akarudi amekwisha kuwa mwanajeshi wa majini. Bibi alimnunia. Walikuwa na mtoto mmoja, mama yangu, na hata hakuwa ameachishwa ziwa vizuri.

Tulipokuwa wadogo tulitaka kumfanya shujaa, Bibi akikataa. "Alikuwa mtu wa kawaida," akituambia. "Alikuwa mkaidi, anacheka mzaha wake kabla hajaumaliza, na akilala anakoroma mpaka paka wanahama." Sare zake nyeupe alizifua na kuzipiga pasi mwenyewe, maana Bibi aliwahi kumchoma kola, na hakulisahau. Akija likizo alipita vichochoroni taratibu sana ili aonekane. Mkate wa melini hakuupenda. Nyama ya makopo hakuigusa, kwa kuwa hakujua imechinjwa na nani. Basi siku za mwisho wa likizo Bibi alikuwa akimkaangia samaki mkavu na kumfungia na mikate ya mofa, naye akilalamika kwamba mfuko unanuka na wenzake watamcheka, kisha akiubeba.

Likizo ya mwisho ilikuwa hivyo hivyo. Akalalamika, akabeba mfuko, akaenda.

Habari ya kwanza ililetwa na karani wa serikali. Meli yao imepigwa. Wengine wamekufa, wengine wameokotwa na kupelekwa bandari za mbali, na huyu wa nyumba hii hajulikani alipo. Bibi hakuipokea kama habari. Akisema hata mbuzi aliyekata kamba hajulikani alipo, na watu hawamfanyii matanga.

Miezi ikapita, kisha likatokea jambo ambalo mama yangu amelisimulia maisha yake yote. Siku moja baada ya adhuhuri alikuja mwanamume wa bara akapiga hodi. Alikuwa na kofia mkononi, na mkono wa kushoto umefungwa bendeji hadi kwapani. Mama, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kutumwa mlangoni, akatumwa mlangoni. Mgeni akauliza kama kuna mwanamume ndani. Hakuwapo. Baba mkwe wa Bibi alikuwa dukani kwake, angerudi magharibi. Mgeni akafikiri kidogo, akasema, "Basi nitarudi baada ya magharibi. Waambie nimeleta salamu za mwenye nyumba." Akampa Mama mkebe wa maziwa mazito ya sukari, akaondoka.

Bibi alikuwa nyuma ya pazia, na maneno hayo aliyasikia kwa masikio yake. Jioni ile nyumba ilifagiliwa mara mbili. Kahawa ikapikwa, halua ikanunuliwa, baba mkwe akaketi barazani na kanzu yake nzuri. Mgeni hakuja. Kesho yake hakuja. Wakaulizia bandarini na kambini, lakini wanaume wa bara wenye bendeji wakati ule walikuwa wengi.

Kwa Bibi haidhuru. Mumewe yuko hai, maana maiti hatumi salamu. Hapo ndipo maisha yake yalipokaa.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda: miezi minne na siku kumi yumo ndani, hajitii manukato, hapaki wanja, havai la kupendeza, wala haposwi mpaka imalizike. Ikiisha, wanawake humwogesha, humtoa, naye huwa mtu huru. Bibi hakukaa eda. Kila Alhamisi alasiri alikuwa akioga, akitia wanja, akijifukiza udi, na kupachika kikuba cha asumini kifuani. Vita vikaisha na wanaume wa watu wakarudi. Ikaja siasa ya mwambao ujitenge, ikaja uhuru, mama yangu akaolewa, tukazaliwa sisi, na Bibi bado ni mke wa mtu. Waliomtakia heri walimshauri aende kwa kadhi, ndoa ivunjwe. "Nikamwambie nini kadhi?" akiwajibu. "Kwamba mume wangu ananisalimia?"

Wasiomtakia heri walikuwa na maneno mengine. Baharia, walisema, ana mke kila bandari. Ameonekana Bombay. Ameonekana Kolombo na watoto watatu. Mara moja, kwenye harusi, mwanamke mmoja aliyegombania naye nafasi ya kukaa alimwambia waziwazi kwamba mumewe kamkimbia. Bibi akatengeneza buibui lake na kusema, "Aliyenisalimia mimi hakukusalimia wewe." Akakaa pale pale. Lakini usiku huo, Mama aliniambia, alilia mpaka asubuhi, kwa sababu hata yeye wazo la Bombay alikuwa nalo.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, moyo wa Bibi ukaanza kumsumbua. Miguu ikimvimba, pumzi ikimpunguka akipanda ngazi. Siku moja nilikuwa nikimpima presha, akaniambia kwa utulivu kabisa, "Kufa sikuogopi. Nnalochukia ni kufa sijijui. Nataka nijue, mimi ni mke au ni mjane? Au ni mwanamke aliyeachwa, watu wakawa wanamficha?"

Nilimwambia atulie nimalize kupima.

Mimi ni muuguzi. Wakati ule nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ndogo Ganjoni, chumba cha kufunga vidonda. Kazi yenyewe haina sifa. Unasafisha, unafunga, unamwambia mtu apunguze sukari, naye anakuahidi uongo. Katika wagonjwa wangu alikuwamo mzee mmoja wa bara, Mkristo, mrefu, mwenye kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Alikuwa amefanya kazi ya reli miaka mingi huko juu, na baada ya kustaafu mwanawe anayefanya kazi bandarini alimleta akae naye. Alikuwa mpole, anapenda mazungumzo, na Kiswahili chake kilinishangaza. Alisema "ahsanta" na "inshallah" na "haidhuru" kama mtu aliyelelewa Mji wa Kale. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la kuungua lililopanda hadi begani. Nilidhani ni mambo ya reli.

Siku hiyo nilikuwa nimeinama nikisafisha kidonda. Akaniuliza, "Sista, nyumbani ni wapi?"

"Kuze," nikamwambia.

"Kuze nimefika mara moja tu. Wakati wa vita. Rafiki yangu alikuwa wa huko, na ndiye aliyenifundisha hiki Kiswahili. Tulikuwa meli moja, tunatia makaa." Akaunyoosha mguu vizuri. "Nilipeleka salamu zake nyumbani kwake, sikuwakuta wanaume. Nikasema nitarudi jioni. Sikujaliwa."

Niliiweka pamba kwenye sinia. Nilijua, lakini nilitaka kusikia jambo moja zaidi. Nikamuuliza ni nani aliyemfungulia mlango.

"Mtoto wa kike, mdogo hivi. Nilimpa mkebe wa maziwa, sina kitu kingine."

"Na huyo rafiki yako yuko wapi sasa?"

Mzee akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Alikufa, binti. Nilipokwenda Kuze alikuwa ameshakufa. Alifia mikononi mwangu."

Nikakaa chini, kwenye kile kigoda cha kuwekea miguu ya wagonjwa. Nikamwambia kwamba yule mtoto ni mama yangu, na kwamba nyanyangu yuko hai, na kwamba tangu siku ile anamngojea mumewe. Mzee hakuelewa mara moja. Nilirudia. Alipoelewa alifunika uso kwa ile mikono yake mikubwa, na nje ya mlango wagonjwa wengine walikuwa wakiniita.

Ukitaka kujua kosa lilikuwa la nani, mimi sikuliona la mtu. Mzee alinieleza yote siku ile, mguu wake ukiwa nusu umefungwa. Babu mwenyewe ndiye aliyemfundisha adabu za pwani, huko melini, kwa majivuno yake ya mtu wa Mvita. Habari ya msiba, alimwambia, haitupwi mlangoni. Haipewi mtoto, wala mwanamke aliye peke yake. Unaleta salamu kwanza, unakaa, unakunywa kahawa, unawaambia wanaume, nao ndio wanaojua namna ya kuiingiza ndani. Ninyi watu wa bara, alikuwa akimcheka, mnaingia na kifo mkononi kama mtu aliyeleta kuku. Basi rafiki alipofika Kuze alifanya kama alivyofundishwa. Alileta salamu kwanza. Na jioni ile, kabla ya magharibi, aliamriwa kupanda meli nyingine, na hakuruhusiwa hata kutoka langoni.

"Baada ya vita sikurudi tena, nilijua serikali imeshawaambia," alisema. "Ofisa wa meli iliyoniokota nilimweleza kila kitu, na aliandika. Mimi nilijiona nimebakiwa na salamu tu."

Jioni nilimwambia Mama. Mama alilia kilio cha mtoto, akisema ni yeye, ni yeye aliyeingia ndani akipiga kelele kwamba baba anasalimia. Nikamwambia acha upuuzi, ulikuwa mtoto, ulisema ulichoambiwa. Akajifuta. Kisha akasema tusimwambie Bibi. Moyo wake ni mgonjwa, umri umekwenda, mwache afe na mume wake.

"Ameniambia hataki kufa hajijui," nikasema.

"Wewe ni muuguzi, unajua habari kama hiyo itamfanya nini."

"Ninajua. Na hali ya moyo wake nimemweleza mwenyewe. Si mtoto."

Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho Mama alisema nifanye nitakalo, nami nikafanya.

Mzee alikuja Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Alivaa koti na tai katika joto lile, akashuka kwenye teksi mwanzo wa mtaa na kutembea polepole, mimi nimemshika mkono. Bibi nilimwambia tu kwamba kuna mtu aliyekuwa na Babu melini. Alitaka kujifukiza, kisha akaacha. Mama alikuwa ameshusha pazia kati ya ukumbi na chumba, ili Bibi akae ndani na mgeni nje, kama ada.

Mzee akapiga hodi. Akakaribishwa. Kwa mazoea yake, au kwa hofu, akauliza, "Kuna mwanamume?"

Kutoka ndani Bibi akasema, "Pazia hilo liondoeni. Ndilo lililotuponza." Mama akaliondoa. Bibi alikuwa amekaa kitako juu ya mkeka, kisutu kimemfunika vizuri. "Wanaume wa nyumba hii wamekwisha, baba. Niambie mimi. Yuko hai?"

"Hapana, mama. Alikufa."

"Lini?"

"Siku ile ile meli ilipopigwa. Kabla sijaja hapa."

Niliutazama uso wake kikazi, nikingoja dalili mbaya. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Innalillahi wa inna ilaihi rajiun." Kisha akasema, "Hakuwa Bombay."

"Bombay hatukufika kamwe," mzee akasema.

Ndipo alipotuambia, bila haraka, na Bibi hakumkatiza. Alisema Babu alikuwa mtu wa kupendwa chini kule kwenye mashine. Alisali akiwa amekaa kwenye makaa, maana mahali pa kusimama hapakuwapo, na wenzake walikuwa wakimpisha na makoleo yao. Samaki wake mkavu walimcheka siku ya kwanza, siku ya pili wakamwomba. Yeye mzee, mtoto wa mlimani, hakujua kuogelea, na Babu alimfundisha kila walipotia nanga, akimshika kidevu na kumtukana. Asubuhi hiyo walikuwa wakimaliza zamu. Ukatokea mshindo mmoja. Bomba la mvuke likapasuka, na Babu ndiye aliyekuwa karibu nalo. Mzee aliunguzwa mkono alipokuwa akimvuta kumtoa. Wakaingia majini, na Babu, na ngozi yake ile iliyoungua, bado anamwambia, piga miguu, piga miguu wewe.

Walipata kipande cha chelezo. Babu aliishi mpaka alasiri. Maumivu yalipozidi alinyamaza, na mzee alipoona anakwenda alikumbuka jambo. "Alikuwa ameniambia zamani, mtu wenu akikata roho asomewe yale maneno ya shahada. Nilikuwa nimeyasikia kwake kila siku, niliyajua. Nikamsomea. Mimi Mkristo, mama, lakini hakukuwa na mtu mwingine. Nikasema, na yeye akafuata, mpaka mwisho. Kisha nikamwosha uso na mikono kwa maji ya bahari, nikamwachia majini."

Mama yangu alikuwa amejifunika uso kwa leso. Bibi aliuliza, "Yalimtoka vizuri? Maneno?"

"Vizuri, mama. Yote."

"Alhamdulillahi." Akavuta kisutu chake vizuri. "Na huko melini alikuwa akikoroma?"

Mzee akashangaa, kisha akatabasamu. "Tulimhamishia karibu na mashine, angalau mashine imshinde."

Bibi akacheka. Alicheka kweli, mabega yakitikisika, na katikati ya kicheko machozi yakaanza, na sasa yalikuja mengi. Tulimwacha. Alipojipangusa alisema, "Na salamu? Uliniletea salamu. Alisema nini hasa?"

Mzee akaiweka sawa tai yake. Hakuwa ameniambia mimi hilo.

"Alisema nikusalimie. Alisema umsamehe. Na alisema, mwambie eda ikiisha aolewe. Asinikalie, bado mdogo."

Nje mtu alikuwa akipita na mkokoteni.

"Alisema bado mdogo?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa na miaka ishirini," Bibi akasema. Alisema kwa sauti ndogo, kama anayemweleza mtu njia.

Mzee akateremka kitini kwa shida, mguu wake mbovu akaunyoosha pembeni, akakaa chini mkekani. Akasema, "Mama, nimekula umri wako. Ningeyasema yote pale mlangoni, kwa yule mtoto. Ningepiga kelele tu, kabla hawajaniamuru kupanda meli nyingine."

"Uliamriwa kupanda meli, ungekataaje? Wangekufunga. Ulileta salamu, sisi tukazishika hizo. Nimekusamehe, na Mungu akusamehe. Sasa kunywa kahawa, imepikwa kwa ajili yako." Na alikunywa.

Kesho yake Bibi alimwita mwalimu wa msikiti wetu, kijana mwenye elimu na heshima, nikamsikia akimuuliza kuhusu eda. Mwalimu alifikiri vizuri. Akamwambia kwamba eda huhesabiwa tangu mume alipofariki, si tangu habari ilipofika. "Eda yako, bibi, ilikwisha zamani. Ilikwisha wakati wa vita. Huna unalodaiwa. Ulikuwa huru miaka yote hii."

Alimaanisha kumfariji. Nadhani hakuyasikia maneno yake mwenyewe, kwamba anamwambia mwanamke wa miaka sabini na kitu kuwa alikuwa huru miaka yote. Mimi niliyasikia, na niliona hasira imenipanda na sina pa kuipeleka.

Bibi alimshukuru. Kisha akasema, "Mwalimu, mtu akitaka kukaa tu nyumbani kwake, na asitie wanja, na avae nguo ya kawaida, kuna sharia inayomkataza?"

"Hakuna, bibi, madhali hutaiita eda."

"Sitaiita. Nitakaa tu."

Akakaa. Hakuiita eda, lakini kila mtu Kuze alijua ni nini, na wanawake wakaja kumpa mkono wa tanzia kana kwamba maiti ametolewa jana. Wengine walikuja kwa udaku, hilo nalo nisiseme uongo. Yule wa harusini alikuwa bado hai, akaja naye, akalia, na Bibi akampa mto wa kuegemea. Bibi hakutoka hata kwenda zahanati. Nilimpima hapo hapo nyumbani. Wanja ukaisha machoni mwake, na nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyokuwa mzee.

Alasiri moja, katikati ya siku zake za kukaa, nilikuwa nikimkanda miguu. Mama alikuwa ametoka. Bibi akasema, "Kulikuwa na mtu."

Nikaendelea kukanda.

"Fundi saa. Baada ya vita. Hakuwa jamaa, na humu ndani hakuna aliyejua ila shangazi yangu, na amekufa. Alimtuma shangazi aniulize kama anaweza kuleta posa. Nikamjibu mimi mke wa mtu. Akasema atangoja. Akangoja, mwanangu. Nikipita mbele ya duka lake, hainui kichwa, lakini nnajua ananiona. Kisha akachoka, akaoa, na mimi sikumlaumu. Amekufa ulipokuwa mtoto."

"Ulimtaka?" nikamuuliza.

"Nilimtaka." Akatazama miguu yake iliyovimba mikononi mwangu. "Nilimtaka sana. Nikawa naomba Mungu anisamehe, namtaka mtu na mume ninaye."

Nikainama nikaibusu miguu yake. Akanipiga kibao kidogo cha kichwani akaniambia nisimlilie, mafuta yatapoa.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, wanawake walikuja kumtoa. Wakamwogesha, wakamvika leso mpya, wakamfukiza udi, wakamtania kwamba sasa milango iko wazi na wazee wa Kibokoni wajitayarishe. Alikuwa mchangamfu na amechoka. Mchana ikasomwa hitima, wanawake peke yao, juzuu zimegawanywa ukumbi mzima hadi ngazini. Ilipomalizika, mwalimu wa kike aliyeongoza aliuliza, kama ilivyo ada, thawabu za kisomo hiki zifike kwa nani.

Bibi akataja jina la mume wake, fulani bin fulani, baharia aliyefia baharini. Mwalimu akainua mikono kuanza dua.

"Bado," Bibi akasema. Akataja jina jingine la mwanamume, naye fulani bin fulani.

Wanawake wakatazamana. Mwalimu akayarudia majina yote mawili, moja baada ya jingine, akaanza kuomba. Mama yangu aliniinamia sikioni akaniuliza huyo wa pili ni nani. Nikamwambia aitikie amini.